Vifo vya Baada ya Kuachiwa: Kwa Nini Samaki Aliyerudishwa Majini Huenda Asipone

Vifo vya baada ya kuachiwa ni istilahi inayotumiwa na wataalamu wa uvuvi kueleza hali ya samaki aliyenaswa kwa ndoana, akarudishwa majini akiwa hai, kisha akafa saa chache au siku kadhaa baadaye kutokana na yale yaliyompata mikononi mwa mvuvi. Anayevua kwa burudani, wala si kwa kitoweo au soko, humwona samaki akipiga mkia na kuzama, naye akaamini kwamba amemwacha salama. Hata hivyo, kuogelea kwa dakika moja si ushahidi wa kupona. Samaki aliyechanika ndani, au aliyechoka kupita kiasi, anaweza kuondoka kwa nguvu zake za mwisho na kufia mahali asipoonekana, au akaliwa na papa kabla hajapata nafuu.

Mengi huamuliwa na mahali ndoana iliposhika. Ndoana ya kawaida, yenye umbo la herufi J, ikimezwa pamoja na chambo kisha mshipi ukavutwa kwa ghafla, inaweza kupasua koo, matamvua au hata moyo, ambao kwa samaki uko nyuma tu ya matamvua. Ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepinda kuelekea shina lake, kwa kawaida huteleza kutoka kooni bila kuchoma hadi inapofika kwenye pembe ya mdomo, ambapo hujigeuza na kushika. Sharti lake ni kwamba mvuvi asishtue mshipi, bali aukaze taratibu, jambo ambalo ni gumu kwa aliyezoea kuvuta mara tu anapohisi samaki amedonoa. Tofauti ya ndoana hizi mbili ilionekana wazi katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005, ambapo marlini weupe, samaki wakubwa wenye pua kama mkuki, wa Bahari ya Atlantiki walifungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti kabla ya kuachiwa: kati ya 20 walionaswa kwa ndoana za duara wote walipona, na kati ya 20 walionaswa kwa ndoana za J walipona 13. Tangu mwaka 2008, mashindano ya kuvua marlini na sulisuli upande wa Atlantiki wa Marekani yanalazimika kutumia ndoana za duara pale chambo cha asili kinapotumika. Jambo hili linatuhusu pia katika pwani yetu, kwa kuwa huko Watamu na Malindi sulisuli wengi huwekewa alama yenye namba na kuachiwa. Alama ikirudi kutoka kwa samaki aliyenaswa tena, tunajua kwamba huyo mmoja aliishi. Waliokufa hawaleti habari.

Jambo la pili ni hewa. Nje ya maji, nyuzi laini za matamvua hushikana kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, na samaki hawezi kuvuta oksijeni wakati ule ule anapoihitaji zaidi, yaani baada ya kupambana na mshipi. Watafiti nchini Kanada waliwapima trauti wa jamii ileile inayovuliwa katika mito ya Mlima Kenya, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1992. Miongoni mwa waliochoshwa bila kutolewa majini, asilimia 12 walikufa ndani ya saa 12. Waliokaa nje ya maji kwa sekunde 30 baada ya kuchoshwa walikufa asilimia 38, na waliokaa sekunde 60, asilimia 72. Dakika moja ndio muda wa kutafuta simu, kumnyanyua samaki na kupiga picha mbili. Kwa hiyo ndoana itolewe samaki akiwa bado majini, mikono ilowekwe kwanza ili isibandue ute unaomkinga na maradhi, na ndoana iliyomezwa isichokonolewe, bali mshipi ukatwe karibu na mdomo.

Kwa samaki wa kina kirefu, hayo yote hayatoshi. Chewa na changu wana kibofu cha hewa, kile ambacho wavuvi wa sangara wa Ziwa Victoria hukiita bondo, na hawana njia ya kuitoa hewa hiyo mdomoni. Hewa hiyo huingia na kutoka polepole kupitia damu. Mita 30 chini, mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, hivyo samaki anayepandishwa haraka hewa yake hutanuka hadi mara nne. Macho humtoka, tumbo hujaa, na mdomoni huchomoza kitu chekundu kama puto. Wengi hudhani hicho ndicho kibofu, wakakitoboa. Kumbe ni tumbo la chakula lililosukumwa nje, na kulitoboa ni kumwongezea jeraha. Akiachiwa hivyo huelea chali juani, asiweze kuzama.

Tiba yake ni kumrudisha chini, kwa sababu mgandamizo wa maji huikandamiza upya hewa ile. Kuna vibanio vinavyoshika mdomo wa samaki na kuachia vyenyewe kwenye kina kilichopangwa, lakini hata kreti ya plastiki iliyogeuzwa juu chini, ikafungwa uzito na kamba, inafaa: samaki huelea ndani yake, hushushwa nayo, kisha hutoka mwenyewe anapopata uwezo wa kuogelea. Katika Ghuba ya Meksiko, sheria ya Marekani iliyoanza kutumika Januari 2022 ilimtaka anayevua samaki wa miambani kwenye maji ya shirikisho, yaani yanayosimamiwa na serikali kuu, awe na kifaa cha kushushia, au sindano ya kutolea hewa, kikiwa tayari kutumika. Ningechagua kifaa cha kushushia, kwa sababu sindano katika mikono isiyojua hufika kwenye ini na utumbo.

Hata hivyo, kushusha hakuponyi kila jeraha la ndani. Ikiwa mwamba wa kina kirefu unaendelea kutoa chewa ambao mvuvi hana nia ya kuwachukua, njia iliyo salama zaidi kwao ni kupandisha nanga na kuhamia maji ya kina kifupi.