Je, wajua kwa nini kompyuta huganda kisha ikajizima? Mara nyingi virusi havihusiki

Kompyuta ya nyumbani imeganda. Kishale cha mausi kimesimama katikati ya skrini, kibodi haiitiki, wimbo uliokuwa ukicheza unarudia silabi moja, kisha giza. Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka utakalopewa na wengi ni virusi.

Nami niliamini hivyo. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikistaki na kuzima kila siku, nikaipitisha kwenye antivirasi mbili, na zote zikasema ni safi. Sikuridhika. Nikahamisha mafaili, nikafomati diski, nikaanza kuweka Windows upya. Ikazima katikati ya kazi. Nikarudia, ikazima tena. Mara ya tatu nikaingia kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijaamka, nikaiacha hapo bila kugusa chochote. Baada ya dakika chache ikazima.

Tukio hilo lilinibadilisha mawazo. Kwenye ukurasa wa BIOS Windows bado haijapakiwa, na wala hakuna faili lolote lililopakuliwa linalofanya kazi. Virusi vya kawaida ni programu, na programu isiyo na mfumo wa kuiendesha ni kama barua isiyo na msomaji: ipo, lakini haifanyi lolote. Ni kweli kuna programu hasidi chache zinazojificha ndani ya chipu ya BIOS yenyewe, mfano LoJax iliyofichuliwa mwaka 2018. Lakini ni adimu sana, na zimeundwa kupeleleza kimyakimya. Mpelelezi hana faida ya kuzima taa ya chumba anachokichungulia.

Hata hivyo, imani hii haikutoka hewani. Agosti 2003, mnyoo wa kompyuta ulioitwa Blaster ulienea duniani, na mashine nyingi za Windows XP zilizopata maambukizi zilionyesha kidirisha kinachohesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kisha zikajiwasha upya. Mwaka uliofuata Sasser ikafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo waliosema "ni virusi" wakati ule walikuwa sahihi. Tofauti ni kwamba pale Windows yenyewe ilitoa taarifa na kuhesabu. Kompyuta inayokata ghafla bila neno haikuzimwa na Windows.

Utasikia pia kwamba virusi vinaweza kuipa prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote za kompyuta, kazi nyingi hadi ikachemka. Vinaweza, hasa vile vinavyochimba sarafu za kidijitali kwa siri. Lakini prosesa inayopoozwa vizuri inapaswa kufanya kazi kwa asilimia 100 mchana kutwa bila kuzima. Ikizima, kuna kasoro nyingine ambayo virusi vimeifichua tu.

Nani basi anayezima? Mara nyingi ni prosesa yenyewe. Ndani yake kuna vihisi vya joto. Inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi (nyingi za Intel huishia hapo, na nyingi za AMD za Ryzen 7000 huishia 95), inapunguza kasi ili ipoe. Hapo ndipo unapoona kila kitu kinakwenda kwa kujivuta. Joto likizidi kupanda licha ya hayo, prosesa hutuma ishara ya dharura na umeme unakatwa papo hapo. Hakuna muda wa kuhifadhi kazi wala kuonyesha ujumbe, ndiyo maana mtu hudhani umeme wa nyumba umekatika.

Prosesa hazikuwa na kinga hii zote tangu mwanzo. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilirekodi video ya prosesa zikiondolewa kipoozeo wakati zinafanya kazi. Pentium 4 ya Intel ilipunguza kasi na kuendelea. Pentium III iliganda. Athlon za AMD ziliungua. Kompyuta inayojizima leo, kwa namna fulani, inajiokoa.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hulikosea, nami nililikosea: "Feni inazunguka, kwa hiyo joto si tatizo." Feni haipoozi prosesa. Inapooza hitisinki, kile kipande cha alumini au shaba chenye mapezi membamba kilichokaa juu ya prosesa. Joto lazima kwanza litoke kwenye prosesa liingie kwenye chuma hicho, na safari hiyo fupi ndiyo ngumu kuliko zote. Fikiria prosesa ya wati 100 inayotoa joto lake kwenye kipande cha silikoni cha sentimita 2 za mraba. Hizo ni wati 50 kwa kila sentimita ya mraba. Sahani ya jiko la umeme ya wati 1,500, yenye kipenyo cha sentimita 18, hutoa takriban wati 6 kwa eneo kama hilo.

Ukitazama kwa jicho, sehemu ya juu ya prosesa na sehemu ya chini ya hitisinki ni laini kabisa. Kwa darubini ni vilima na mabonde. Chukua vitana viwili uvikutanishe meno kwa meno: ncha zinagusana hapa na pale, kwingineko kumejaa hewa. Na hewa ni mlinzi hodari wa joto. Blanketi hukupa joto usiku kwa sababu linashika hewa kati ya nyuzi zake, ilhali lenyewe halina moto wowote. Shaba hupitisha joto mara zaidi ya 10,000 kuliko hewa, kwa hiyo ukibandika hitisinki kavu juu ya prosesa, ni kana kwamba umeweka blanketi jembamba katikati.

Ndiyo maana huwekwa pesti, ule uji wa kijivu unaofanana na dawa ya meno. Kazi yake ni kujaza mabonde na kuifukuza hewa. Nayo haipitishi joto vizuri kama chuma, kwa hiyo kuipaka nene kunaharibu. Inatakiwa ijaze mashimo, isigeuke kuwa ukuta. Kwa miaka, joto la kupanda na kushuka huitanua na kuisinyaza mpaka inakauka au inasukumwa pembeni, na hewa inarudi. Muda inaochukua hutofautiana mno kulingana na aina na matumizi, kwa hiyo usimwamini anayekupa idadi kamili ya miaka.

Nilirudi BIOS, safari hii nikiangalia namba ya joto kwenye kona: 74, 81, 88. Kifuniko cha pembeni kilikuwa wazi. Nikagusa mapezi ya hitisinki kwa kidole, mbali na feni. Yalikuwa baridi! Nilikuwa nategemea kuungua. Baridi ile ndiyo iliyokuwa dalili mbaya: moto uko ndani na haupati njia ya kutoka. Kama mapezi yangekuwa ya moto, ningeshuku feni au vumbi, ambalo kwenye laptopu hujikusanya kama zulia kati ya feni na mapezi.

Kipimo rahisi kisichohitaji kufungua chochote ni saa. Kompyuta iliyopoa usiku kucha inazima baada ya dakika 25, ukiiwasha papo hapo inazima baada ya 4, ukiipumzisha saa mbili inarudi kwenye 25: hilo ni joto. Ikizima bila mpangilio, shuku pawa saplai, lile boksi linaloipa kompyuta umeme (usiifungue kamwe, ndani hubaki chaji hatari hata ikichomolewa). Ikiganda bila kuzima, pima RAM, yaani kumbukumbu ya muda, kwa programu ya MemTest86 na uangalie afya ya diski. Windows huandika kwenye orodha yake ya matukio tukio la Kernel-Power namba 41 baada ya kuzima kwa namna hii, na wengi hukimbilia kununua pawa saplai mpya kwa sababu ya jina hilo. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine haikuzimwa ipasavyo. Sababu halisemi.

Nilipoing'oa hitisinki, pesti ilidondoka vipande vipande kama chaki. Nikafuta mabaki kwa kitambaa na alkoholi ya isopropili, nikaweka tone jipya dogo katikati, nikakaza skurubu kwa kupokezana pembe kwa pembe. Nikawasha na kuiacha kwenye ukurasa uleule wa BIOS. Namba ilipanda hadi 44 ikasimama hapo, na mapezi yakawa vuguvugu.