Vepu za kutupa na marufuku ya Uingereza: maswali na majibu

Tangu tarehe 1 Juni 2025, ni marufuku kwa duka lolote Uingereza, hata la mtandaoni, kuuza vepu (sigara za kielektroniki) za kutumia na kutupa, ziwe na nikotini au zisiwe nayo.

Nikikutwa na moja mfukoni nitashtakiwa?

Hapana. Sheria inambana muuzaji. Wewe uliyeshikwa na uraibu unahitaji msaada, na usiogope kuuomba.

Nani anakagua?

Halmashauri, hasa kupitia maofisa wa Trading Standards, yaani kitengo chake kinachosimamia sheria za biashara na kulinda wanunuzi. Wana mamlaka ya kuingia dukani na kuchukua mzigo haramu. Kule England, moja ya nchi zinazounda Uingereza, kosa la kwanza ni faini ya pauni 200. Anayerudia anaweza kutozwa faini isiyo na kikomo au kufungwa hadi miaka 2. Kwa maoni yangu, pauni 200 ni ndogo mno kwa mwenye duka linalouza sana, kwa hiyo ukiona zinauzwa kwa kificho, toa taarifa.

Nitaitambuaje iliyokatazwa?

Ishike uigeuze. Wengi hudanganyika wakiona tundu la chaji chini yake. Tundu peke yake halitoshi: vepu halali lazima ichajike na pia ijazike, yaani uweze kuongeza kimiminika au kubadilisha kichupa chake. Kama imezibwa kote, kimiminika kikiisha huna la kufanya ila kuitupa, hiyo ni haramu. Tazama na kasha pia: nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita, na onyo la afya liwepo. Ile inayotolewa chini ya kaunta hakuna aliyeipima, na huwezi kujua unavuta nini.

Nilizoea ya kutupa kila siku. Sasa nifanyeje?

Kwanza, tafadhali usirudi kwenye sigara. Vepu si salama, lakini moshi wa tumbaku inayoungua una lami na kaboni monoksaidi, na madhara yake ni makubwa zaidi kwa mbali. Kama vepu ndiyo iliyokutoa kwenye sigara, hamia ya kujaza.

Ukitaka kuacha kabisa, jiandae kwa siku za mwanzo: hasira za karibu, kichwa kuuma, usingizi kukatika, akili kutotulia. Hivyo ni nikotini inayokutoka mwilini. Si kwamba umeugua, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache. Hamu yenyewe huja kama wimbi, dakika chache kisha hupita. Kunywa maji, toka nje, mpigie mtu simu. Famasia inaweza kukushauri kuhusu plasta na jojo za nikotini.

Nimekuta moja kwenye begi la mwanangu wa miaka 14.

Usianze na kelele. Muulize amekuwa akivuta tangu lini, na je, asubuhi akiikosa anajisikiaje? Jibu la swali hilo la pili ndilo litakaloonyesha kama ni kujaribu tu au ni uraibu. Ubongo wake bado unakua, na nikotini huunasa upesi kuliko wa mtu mzima. Kumuuzia aliye chini ya miaka 18 ni kosa, kwa hiyo duka lililomuuzia lifikishwe kwa halmashauri.

Zilizobaki nyumbani nizitupe wapi?

Kamwe si kwenye pipa la taka. Ndani mna betri ya lithiamu, na ikibanwa ndani ya lori la taka inaweza kulipuka moto karibu na wafanyakazi. Zirudishe dukani: kila duka linalouza vepu linatakiwa kupokea zilizotumika.