Mtoto anaharisha na bado mnamnywesha maziwa mala?

Bakteria wa mala wanafanya nini hasa?
Wanakula sukari iliyo ndani ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo ndiyo inayoyagandisha maziwa na kuyatia uchachu.

Kwa nini wataalamu wanachunguza protini za bakteria wa aina hii?
Kwa sababu protini ndizo zinazofanya kazi. Bakteria mmoja wa jamii hiyo, *Lacticaseibacillus rhamnosus* GG, ana vijinywele vya protini vinavyomnatisha kwenye ute wa utumbo. Tena hutoa protini mbili, p40 na p75, ambazo maabarani zimeonekana kuzikinga seli za utumbo zisife. Maabarani, tafadhali. Wala si kila mala ina bakteria huyo.

Kwa hivyo mala itakata kuharisha?
Hapana. Marekani, watoto 971 wenye maradhi hayo waligawanywa, wengine wakapewa GG huyu, wengine kitu kinachofanana nacho lakini kisicho na bakteria huyo. Matokeo yalitoka mwaka 2018: hapakuwa na tofauti. Kinachomuua mtoto ni kuishiwa maji mwilini, na dawa yake ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa.

Bibi yake anasema tungoje siku tatu, tumbo lijisafishe.
Msingoje! Anzeni ORS choo cha kwanza cha majimaji, hapo hapo nyumbani. Macho yakibonyea, akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au choo kikiwa na damu, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Choo kikiwa kama maji ya mchele, huenda ni kipindupindu. Msingoje hata asubuhi.

ORS inachanganywaje?
Soma paketi kwanza: kuna za nusu lita na za lita moja. Mimina unga wote, usigawe. Tumia maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo mitaa mingi ya Mombasa inayategemea, hayafai kabisa. Ukiyachemsha chumvi haitoki, inazidi kukolea. Kila akiharisha, wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 na zaidi 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha umpe kijiko kimoja kimoja. Itakayobaki baada ya saa 24, mwaga. Ulizia pia vidonge vya zinki, na avimalize hata kama ameshapona.

Mala asipewe kabisa?
Akishatimiza miezi 6 anaweza kula, kama chakula, kando ya ORS na titi la mama. Hakikisha maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Wa chini ya miezi 6 ni titi, na ORS akiharisha. Mala hapana.