"Ziwa limetulia, jaketi la nini?" na mengine ninayosikia kila siku

Wiki hii nimeisikia mara tatu, kwa hiyo leo naandika. Mgeni anapanda mpaka huu mji wa milimani, anashuka gatini, anaona ziwa limelala kama kioo na milima imelizunguka pande zote, namkabidhi jaketi okozi analirudisha kwenye benchi. "Kaka mi naogelea vizuri, halafu hapa hamna mawimbi." Jamani!

Naomba tuelewane. Maji ya milimani hayahitaji mawimbi ili yakumalize, baridi yake inatosha, na inakuwahi kabla hata mwili haujapoa. Ukitumbukia ghafla kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi joto 15, kifua kinavuta pumzi kwa nguvu chenyewe, hujaamua wewe, na kama mdomo uko chini ya maji basi hiyo pumzi ya kwanza ni maji. Baada ya hapo unahema hovyo kama dakika moja mpaka tatu, huwezi kubana pumzi hata uwe bingwa wa kuogelea. Ukivuka hapo una kama dakika kumi za mikono kufanya kazi ya maana. Ile ya mwili wote kupoa mpaka unapoteza fahamu, ambayo ndo kila mtu anaijua, inachukua nusu saa na zaidi, na wengi wanazama kabla hawajafika huko.

Niliwahi kuwa na mgeni, kijana aliyekulia pwani, aliruka kutoka kwenye boti kwa raha zake tu. Aliibuka mdomo wazi, sauti haitoki. Upepo ulishatusogeza, kugeuza boti na kumrudia ikatuchukua dakika kadhaa, nikamrushia kamba ikamwangukia begani kabisa, akaishika ikamponyoka, akaishika tena ikamponyoka, vidole vimekakamaa havikunji. Tulimpata kwa sababu alikuwa amevaa jaketi, na alilivaa baada ya mimi kumkatalia kuondoka gatini bila hilo jaketi. Kuogelea kwake hakukumsaidia chochote siku ile.

Na kuvaa ni kufunga vifungo vyote na kukaza mikanda. Jaketi la kuning'iniza mabegani ukiingia majini linapanda mpaka masikioni na wewe unateleza chini yake, kwa mtoto ndo hatari zaidi, jaketi lake lazima liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mimi huwa nashika mabega ya jaketi navuta juu: likipita kidevu, tunaanza upya.

Kuna na wale wanaochovya mkono wanasema mbona maji yana joto. Jua linapasha tabaka la juu tu, ukienda chini kidogo ni baridi nyingine kabisa. Tena upepo ukivuma muda mrefu upande mmoja unasukuma yale maji ya juu, ya chini yanapanda kuchukua nafasi, ndo maana pale ulipoogelea jana kwa raha leo panaweza kukukata miguu.

Utulivu wenyewe ni wa asubuhi. Jua likishapasha miteremko, hewa inapanda mlimani, upepo unaanza, mawingu yanajikusanya kileleni na mchana radi zinaweza kuanza, na katikati ya ziwa kitu kilichochomoza kuliko vyote ni wewe na boti yako. Boti panda saa moja asubuhi, saa sita uwe umesharudi, hapo mimi sibishani na mtu. Ukisikia ngurumo, toka majini, na usirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mengine nayapitia haraka. "Kuna ubaridi kwa hiyo jua haliunguzi": linaunguza, kila ukipanda mita 1,000 ile mionzi inayochoma ngozi inaongezeka kama asilimia 10, na mawingu mepesi hayaizuii, vaa kofia.

"Mi nafanya mazoezi, siwezi kuugua ugonjwa wa mwinuko": huo ni ule wa kupanda juu sana ambako hewa ni nyepesi, na mazoezi hayakingi, tena wenye nguvu ndo wanapanda haraka kupita kiasi. Muhimu ni kujua mji uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Nainital kule India iko kwenye kama mita 2,000, wengi hawasikii kitu, ila Puno pale Ziwa Titicaca nchini Peru ni zaidi ya mita 3,800, huko kichwa kinaweza kukuuma siku ya kwanza tu, kwa hiyo pumzika, na dalili zikizidi shuka, usisubiri kesho.

"Maji ya ziwa la mlimani ni safi, kunywa tu": kuona mpaka chini sio usafi, vimelea vya kuhara huvioni kwa macho. Chemsha, na ukiwa juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu nzima, kwa sababu huko maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100.