Maswali na majibu: marathoni yenye milima, joto, na ugonjwa wa "nimalize kwanza"

Msimu wa mbio ukikaribia maswali huwa yaleyale, na kwenye hema la huduma ya kwanza wagonjwa nao ni walewale. Wengi si wavivu wala wageni wa mazoezi. Ni watu waliopanda mlima kwa kasi ya tambarare, mwili ukawaambia wasimame, wao wakaujibu: nimalize kwanza.

Kukimbia kwa nguvu sawa maana yake nini?

Ni kuutumikisha mwili kwa kiwango kilekile kuanzia mwanzo hadi mwisho, kasi ipande au ishuke. Kama tambarare unakimbia kilomita kwa dakika 6, mlimani itakuwa 7, pengine 8. Hujachelewa, ndivyo inavyotakiwa. Tatizo linaanza pale unapoitazama saa na kuilazimisha irudi kwenye 6 huku barabara imeinuka.

Nitajuaje kwamba nguvu ni ileile?

Sikiliza pumzi. Kwenye nusu ya kwanza ya marathoni uwe unaweza kumwambia jirani yako sentensi nzima bila kukata katikati. Ukifika mlimani ukaanza kujibu kwa neno mojamoja, umezidisha. Fupisha hatua, punguza, na ikibidi tembea. Kutembea mlimani si aibu, na wapo wanaotembea vipande vifupi wakawapita kilomita ya 35 wale waliowacheka kilomita ya 10.

Saa inayopima mapigo ya moyo inasaidia, ila jua likipanda mapigo nayo hupanda hata kama kasi haijabadilika. Yakipanda, kasi ishuke. Wengi hufanya kinyume: wanaipuuza saa kwa sababu "leo inasoma vibaya".

Muda nilioupoteza kupanda si nitaufidia nikishuka?

Hautarudi wote, acha kuudai. Chukua Kilimanjaro Marathon ya Moshi, inayokimbiwa tangu 2003. Nusu yake ya kwanza sehemu kubwa ni barabara nzuri isiyo na mwinuko wa kutisha, ndipo unaanza kupanda kuelekea Mweka. Njia yake iko kati ya mita 830 hivi na 1,150 juu ya usawa wa bahari. Aliyejimaliza kwenye tambarare anaukuta mlima akiwa ameishiwa. Na aliyeupanda kwa hasira anakuta mteremko unamwadhibu, maana kushuka ndiko kunakochana misuli ya mapaja: kila hatua inafanya kazi ya breki. Shuka kwa hatua fupi za haraka, mwili usiegemee nyuma.

Mlima na joto la mwili vinahusianaje?

Hapa ndipo ningependa usome taratibu. Katika nguvu yote inayochomwa na misuli, robo tatu au zaidi hugeuka joto. Ukilazimisha kasi mlimani unazalisha joto jingi zaidi, na kwa kuwa unakwenda polepole kuliko tambarare, upepo wa kukupoza nao umepungua. Mbio za Moshi ziko mwishoni mwa Februari au mapema Machi, miezi ya joto. Wengi wakifika mlimani jua limeshatoka sawasawa.

Joto la ndani likipita nyuzi 40 na ubongo ukaanza kuyumba, hicho ni kiharusi cha joto. Kinaua, na kinaua vijana wenye afya njema. Maji peke yake hayakukingi kama unaendelea kukaza.

Dalili zipi zinanitaka nisimame?

Kizunguzungu, baridi au kusisimka ngozi katikati ya jua, kutapika, kuyumba, kutoelewa uko kilomita ya ngapi. Maumivu au kubanwa kifua. Kuzimia au kukaribia kuzimia huku bado unakimbia.

Nikibakiza kilomita mbili tu?

Simama.

Nimejiandaa miezi mingi, nimelipia, ndugu wananisubiri pale mwisho.

Simama. Ndugu zako watakusubiri hemani vilevile. Kilomita mbili kwa mtu aliyechoka ni dakika 15 au 20, na katika kiharusi cha joto dakika hizo ndizo tunazozihitaji kukupoza. Lengo letu ni joto lishuke ndani ya nusu saa. Ukizitumia kufuata medali, unatuletea figo, ini na ubongo ambavyo vimeshaanza kuumia.

Lakini bado natoka jasho, kwa hiyo si joto?

Si kweli! Habari ya "ngozi kavu" imewachelewesha wengi mno. Mkimbiaji anaweza kulowa chapachapa na bado joto la ndani limepita 40. Kipimajoto cha kwapani nacho kinadanganya katika hali hii, husoma chini kuliko ukweli. Usiseme "kapimwa, hana homa" ukamwachia aendelee.

Mwenzangu anayumba lakini anasema yuko sawa. Nimwamini?

Usimwamini. Aliyechanganyikiwa hana habari kwamba amechanganyikiwa. Muulize leo ni siku gani na tuko wapi. Akibabaika au akikukaripia bila sababu, mtoe barabarani, na usimshike mabega kumkokota hadi mstarini huku watu wanapiga makofi. Naomba sana picha hizo ziishe.

Nimfanyie nini?

Ita wahudumu, na wakati unawasubiri anza kumpoza. Mweke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mfululizo, mpepee, weka barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Likiwepo beseni kubwa la maji baridi, mtumbukize hadi kifuani, na mtu amshikilie kichwa kiwe juu. Kupoza kwanza, gari baadaye. Asiyejitambua vizuri usimnyweshe kitu.

Aliyelegea baada ya kumaliza, huku akili iko timamu, mara nyingi ni presha iliyoshuka kwa kusimama ghafla. Mlaze, miguu iwe juu. Asipopata nafuu haraka, mlete.

Je, ninywe diklofenaki asubuhi ili mlima usiniume?

Hapana. Wala ibuprofeni. Dawa hizi hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na siku hiyo figo tayari zina mzigo wa joto, upungufu wa maji na misuli iliyochanika. Tunaziokota mifukoni mwa wagonjwa kama pipi. Maumivu ndiyo yanayokuambia upunguze kasi, wewe unayanyamazisha.

Maji je, ninywe kila kituo?

Kunywa ukiwa na kiu. Kunywa kupita kiasi hushusha chumvi kwenye damu, na dalili zake, kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, zinafanana na za joto. Ukimaliza mbio una uzito mkubwa kuliko ulioanza nao, ulikunywa mno.

Kesho yake mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Nisubiri?

Usisubiri. Misuli iliyovunjika inamwaga uchafu wake kwenye figo, hasa baada ya mteremko mrefu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, mwambie daktari umekimbia, na umtajie kila dawa uliyomeza. Usiende kwanza kufanyiwa masaji, na usiongeze kidonge kingine cha maumivu ukiwa njiani.