Nywele zako zinakua, zinachofanya ni kukatika

Wiki hii nimeambiwa tena. Mteja amekaa kwenye kiti, rasta zake zina wiki nane, namfumua, naye anasema: "Dada, mimi nywele zangu hazikui kabisa. Nitafutie mafuta ya kukuza." Nikashika rasta moja, nikamwekea kioo nyuma aone mwenyewe. Kati ya ngozi ya kichwa na pale nilipoanzia kusuka siku ile kulikuwa na nywele mpya, karibu sentimita moja na nusu. Nikamuuliza, "Hizi zimetoka wapi, mdogo wangu?" Akacheka, kisha akanyamaza. Dakika kumi baadaye akaniuliza tena kuhusu mafuta.

Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno, na inaniuma, kwa sababu inawafanya watu wazichukie nywele zao na kununua makopo yasiyo na kazi. Wanaoweka dawa ya kunyoosha nywele wanayo kauli hii hata zaidi. Kwa nini unarudi kugusa mizizi kila baada ya wiki nane au kumi? Kwa sababu imeota. Mtu yuleyule anayelalamika kuwa mizizi imerudi upesi ndiye anayesema nywele hazikui. Chagua moja.

Tuseme ukweli wote. Watafiti walipozipima nywele za watu wenye asili ya Afrika, walikuta zinakua kwa wastani wa mikromita 256 kwa siku. Za Wazungu zilikuwa karibu 396. Kwa hiyo ndiyo, kipilipili kinakwenda polepole zaidi. Lakini polepole hiyo ni milimita 8 hivi kwa mwezi, zaidi ya sentimita 9 kwa mwaka, na unywele mmoja huendelea kukua miaka miwili hadi sita kabla haujapumzika na kudondoka. Piga hesabu. Kama umefuga miaka mitano na bado ziko palepale masikioni, zaidi ya sentimita 40 zimepotelea mahali fulani. Hazikugoma kutoka. Zilikatika upande wa pili.

Kukua kunatokea ndani ya ngozi. Unywele ukishatoka nje hauna uhai, haujitibu, haujirudishi. Kwa hiyo ncha ya unywele wa sentimita 18 ni kitu cha miaka miwili: imeoshwa, imechanwa, imesukwa, imefumuliwa, imesuguliwa na mto usiku baada ya usiku. Mizizi ni mtoto, ncha ni mzee, halafu unavipitishia chanuo kwa nguvu ileile.

Na umbo lenyewe halisaidii. Unywele wa singa ukiukata na kuutazama kwa hadubini unakaribia duara. Wa kipilipili ni bapa, kama utepe uliosokotwa, na kila unapopinda ndipo penye udhaifu. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayawezi kuteremka kwenye kona zote hizo, ndiyo maana mizizi inaweza kuwa na mafuta huku ncha zimekauka. Halafu kuna kujikunja: zikikauka, nywele zinaweza kuficha hata robo tatu ya urefu wake. Usijipime kwa kioo, pima kwa kuvuta.

Sasa tuje kwenye mafuta, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. Mafuta hayaingizi maji kwenye nywele. Hayana maji ya kuingiza. Ukipaka grisi kwenye nywele kavu umepata nywele kavu zinazong'aa, na kesho utaongeza tena, na keshokutwa, hadi vumbi linagandia humo na shampuu ya kawaida haiwezi kuyaondoa. Mafuta kazi yake ni kupunguza msuguano na kuchelewesha maji yaliyomo yasitoke. Hata hivyo hayafanani. Ya nazi yana asidi ya lauriki, ambayo molekuli yake ni ndogo na imenyooka, kwa hiyo yanapenya ndani ya unywele. Ukiyapaka kabla ya kuosha, yanapunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Yale ya madini hukaa juu tu. Ya nyonyo ni mazito, yanashika kingo, yaani nywele za pembeni, vizuri, basi. Kitu cha kupaka kilichothibitishwa vizuri kwamba kinaotesha nywele ni minoxidili, nayo ni dawa ya ugonjwa wa kupoteza nywele, haihusiani na kopo lenye picha ya msichana wa nywele hadi kiunoni.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo si wasusi wengi watalisema. Kwa miaka mingi niliwaambia wateja wanyunyize maji kila asubuhi. Siku hizi siwaambii hivyo. Unywele ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na kuufanyia hivyo kila siku kunauchosha. Tena ule ulaini unaousikia mkononi na kuuita unyevu, kwa sehemu kubwa si maji. Ni kondishena, ambayo ina chaji chanya, inashika kwenye sehemu zilizoharibika zenye chaji hasi na kulaza magamba, yaani tabaka la nje la unywele. Kwa hiyo kondishena nzuri siku ya kuosha, krimu kidogo kwenye ncha katikati ya wiki, inatosha kwa vichwa vingi. Kwa vingine haitoshi, na sijapata kanuni ya kutabiri kichwa kipi ni kipi kabla ya kukijaribu. Zile chati za 4A, 4B na 4C zinaeleza jinsi nywele zinavyojikunja, hazikwambii zinataka nini. Na kile kipimo cha kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji kuona kama utazama, eti kujua unavyonyonya maji, achaneni nacho. Unywele wenye mafuta utaelea, wenye kiputo cha hewa utaelea.

Kuosha: kila wiki au kila wiki mbili, vidole kwenye ngozi, povu literemke lenyewe kwenye ncha. Sabuni ya mche hapana, alikali yake inainua magamba. Mengine mnayajua.

Kuchana ndiko nataka tukae, kwa sababu urefu mwingi unapotelea hapo. Vitabu vingi vya urembo vinasema usichane nywele zikiwa mbichi, kwa kuwa unywele uliolowa ni dhaifu na unavutika. Ni kweli, kwa nywele za singa. Kwa kipilipili ni kinyume, na kanuni ile imekata nywele za watu wengi sana. Zikiwa kavu, misokoto imeshikana kama vikonyo vya mzabibu. Ukipitisha chanuo unavuta fundo, na fundo halifunguki, linakatika. Zikiwa zimelowa na zina kondishena, msokoto unalegea, nywele zinateleza, na nguvu inayohitajika kuchana inapungua sana. Unywele ni dhaifu zaidi, sawa, lakini mzigo unaoubebesha ni mdogo zaidi. Ndiyo hesabu yote.

Kwa hiyo: gawa kichwa mafungu sita au nane, bana mengine. Fungu moja lijaze kondishena mpaka liteleze. Tumia vidole kwanza, tafuta fundo kwa kugusa, lifungue kwa kulitenganisha pande mbili badala ya kulivuta chini. Kisha chanuo la meno mapana, anza sentimita tatu za mwisho, zikipita salama panda kidogo, panda tena, hadi mizizi, huku mkono mwingine umeshika fungu juu ya chanuo ili ngozi isivutwe. Ukimaliza lisokote lisirudi kujifunga. Kichwa kizima kinaweza kuchukua saa nzima. Ukisikia mlio wa kukwaruza au kukatika, simama. Huo mlio ndio urefu wako unaondoka.

Mtindo ni sehemu rahisi. Maji huvunja viungo vya haidrojeni ndani ya unywele, na vinajiunga upya unapokauka, katika umbo lolote utakalokuwa umeuweka. Ndiyo maana ukisokota mbili mbili zikiwa na unyevu, jeli kidogo, ukaziacha hadi zikauke kabisa, zikifunguliwa zinabaki na mawimbi. Ukifungua katikati bado mbichi, zinafura papo hapo na utanilaumu mimi. Zikauke kabisa, nasema. Ikiwa una haraka, tumia draya ya joto la chini. Pasi ya nywele juu ya nywele zenye unyevu ni kuchemsha maji ndani ya unywele. Yanatoa viputo, na pale penye kiputo patakatika. Usiku funga kitambaa cha satini.

Rasta na misuko zinasaidia kweli kwa sababu zinazuia kuchana kila siku. Lakini zikiuma siku ya kwanza, zimekazwa mno. Vipele vidogo kwenye mizizi, kichwa kuuma, kunywa dawa ili ulale, hakuna hata kimoja ambacho ni cha kawaida. Nywele za pembeni zikivutwa miaka kwa miaka, vinyweleo hufa, na hapo hakuna mafuta wala msusi wa kuzirudisha. Pia, ukifumua baada ya wiki nane usishtuke kuona rundo. Kichwa hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na zote zilikuwa zimenaswa humo. Siku 56 ni kuanzia nywele 2,800.

Kilicho muhimu ni kuzitazama hizo zilizotoka. Unywele uliodondoka wenyewe ni mrefu na una kidoti cheupe upande mmoja. Uliokatika ni kipande, hauna kidoti. Rundo la vyenye vidoti ni maisha ya kawaida. Rundo la vipande ni mkono wako, au wangu. Lakini kama utosini kuna mahali panapanuka, ngozi imekuwa laini na vitundu vya nywele havionekani tena, usije saluni, nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu kovu likishafunga hapo hakuna kinachoota.

Yule mteja wangu nilimkata sentimita mbili za ncha, maana zilikuwa zimechanika, na hakupenda. Tukachagua unywele nyuma ya sikio, tukauvuta, tukaupima kwa rula, nikaandika tarehe kwenye daftari. Atarudi baada ya miezi mitatu. Mizizi itatoa zaidi ya sentimita mbili, hilo sina wasiwasi nalo. Nitakachoangalia ni kama rula nayo itaziona.