Hedhi Iliyokoma Hairudi: Maswali Kuhusu Kirusi cha HPV na Saratani ya Mlango wa Kizazi

Anaingia mama wa miaka 58, kajipulizia manukato mpaka chumba kizima kinanukia, chini ya nguo kajifunga kanga iliyokunjwa mara nne. "Sista, hedhi imerudi." Imerudi tangu lini? "Tangu mfungo wa mwaka jana." Nimemwona mama huyu mara nyingi mno, kwa majina tofauti. Maswali haya ni yake na ya wenzake.

Kirusi kinaletaje saratani?
HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na karibu kila anayejamiiana hukutana nacho. Wengi miili yao hukiondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili bila wao kujua. Kikigoma kutoka, hasa aina ya 16 na 18, hutengeneza ndani ya seli protini mbili zinazozima breki zake. Seli iliyojua wakati wa kuacha kugawanyika haijui tena. Safari hiyo huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, 5 hadi 10.

Kwa hiyo mume wangu ndiye kaniletea?
Huenda ulikuwa nacho kabla hujamjua. Kipimo hiki si cha kwenda kuvunjia nyumba.

Siumwi popote. Nikapime nini?
Ndiyo wakati wenyewe. Mabadiliko ya awali hayaumi. Tunapaka asidi kama ya siki kwenye mlango wa kizazi, tunasubiri dakika moja. Palipoharibika panageuka peupe. Mara nyingi tunapatibu siku hiyohiyo kwa tiba mgando, yaani kupagandisha kwa baridi kali, au kwa joto, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Anza ukiwa na miaka 30. Mwenye VVU aanze na 25.

Nilikoma hedhi miaka minne iliyopita, sasa naona damu. Si hedhi imerudi?
Hapana. Ukipita mwaka mzima bila hedhi, imekoma. Damu inayokuja baada ya hapo si hedhi.

Hata kama ni kidogo, ya kuchafua nguo tu?
Hata kama ni tone.

Na inayotoka baada ya tendo la ndoa?
Hiyo nayo si hedhi, hata kwa binti wa miaka 28. Si kila damu ni saratani, nakubali. Lakini wa kukwambia hivyo ni kipimo, si shoga yako wala mama mkwe. Na ukishaanza kutoka damu, siki peke yake haitoshi: tutatazama kwa spekulamu, kifaa cha kufungulia uke tuone ndani, na ikibidi kinyama kidogo kitakwenda maabara.

Nimeambiwa ni chango. Nimalize kwanza dawa ya mizizi?
Usimalize. Mizizi miezi mitatu, shabu ukeni miezi miwili, halafu maombi, halafu kusubiri mavuno yauzwe. Shabu haiui kirusi. Inaunguza tu na kuongeza kidonda. Mwaka ukiisha anakuja mkojo unavuja wenyewe, maana uvimbe umeshatoboa kibofu. Huyo tunampa rufaa ya mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, na tunamtafutia dawa ya maumivu. Miaka kumi nyuma alikuwa mgonjwa wa dakika chache na siki.

Chanjo ya shuleni haifungi kizazi cha binti?
Haifungi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Inatolewa mapema kwa sababu inazuia kirusi kuingia, haikitoi kilichokwisha kuingia. Mzazi anayemficha binti siku ya chanjo anamhifadhia kitanda kwetu.

Damu imekatika yenyewe tangu juzi. Bado nije?
Njoo. Uvimbe hutoka damu, ukapumzika, ukatoka tena. Usijioshe kwa ndani kabla ya kuja, wala usiweke dawa yoyote, maana unatufutia tunachokitafuta. Na manukato yaache nyumbani, mama. Harufu ya ugonjwa unayoificha tunaijua, na hakuna atakayekukunjia uso.